Mario ya Pili na Uyoga wa Sumu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimeshacheza Mario ya pili. Kaseti yetu ya gemu, ile ya njano iliyoandikwa kwa nje kwamba ina gemu 9999, ilikuwa na orodha ndefu ya kushuka nayo kwenye TV, na kwenye orodha hiyo Mario alirudi kila baada ya mistari michache: Mario 2, Mario 6, Mario 14. Ukichagua Mario 2 inatokea gemu ileile, ila unaanzia dunia ya tatu. Ukichagua Mario 6 unaanza ukiwa mkubwa tayari. Sisi wala hatukuona kwamba tumepigwa. Tuliona hizo ndizo gemu zenyewe, ya pili na ya sita, na tulizihesabu kwa fahari mbele ya watoto wa jirani.

Aliyekuwa na shaka ni kaka yangu peke yake. Amenizidi miaka mitano, kwa hiyo wakati huo alikuwa na kama miaka kumi na tatu. Siku moja aliweka padi chini, akasema: "Dogo, hizi zote ni moja. Mario ya pili ya kweli ipo, ila sisi hatuna."

Alikuwa sahihi. Ilikuwepo, tena zilikuwepo mbili, na kila moja ilikuwa na haki yake ya kujiita ya pili. Nimezicheza zote nikiwa mtu mzima, na nilikuwa nimeshajiandaa kuandika hapa makala safi ya kulinganisha, yenye hukumu yake mwishoni. Hukumu hiyo ilivurugika sikukuu ya Idi iliyopita, juu ya mkeka, nyumbani kwa mama Tanga, nikiwa nimekaa na huyohuyo kaka ambaye tulikuwa hatujazungumza kwa mwaka mmoja na nusu.

Nianze na ya kwanza, maana bila hiyo hizo nyingine hazieleweki.

Super Mario Bros. ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Waliobuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki ukatungwa na Koji Kondo. Gemu nzima, dunia nane zenye hatua nne nne, iliingia kwenye kilobaiti 40. Picha moja tu uliyopiga na simu yako leo asubuhi ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Kwa sababu ya ufinyu huo waliochora walibana matumizi kama mama mwenye nyumba kubwa na mshahara mdogo: kichaka kilichoko ardhini ni lile wingu la angani lililopakwa kijani. Dunia nzima imecheza gemu hii bila kuliona jambo hilo. Kaka aliliona mapema, kwa sababu TV yetu ya Ngamiani ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Bila rangi, kichaka na wingu ni kitu kimoja, hakuna mjadala.

Nintendo waliuza nakala zaidi ya milioni 40 za gemu hiyo. Yetu haimo kwenye hesabu. Mashine yetu ilikuwa ya kuiga, kama karibu zote zilizokuwa mtaani, na baba aliinunua ikiwa imetumika. Adapta yake ilipata moto kiasi kwamba kila baada ya nusu saa tuliizima na kuipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba hakuna aliyetufundisha. Hakukuwa na kitabu cha maelekezo, na kama kingekuwepo kingekuwa cha Kijapani au Kichina. Skrini ya kwanza ndiyo iliyofundisha. Mario amesimama kushoto, mbele yake kuna nafasi, kwa hiyo unaelewa kwamba unatakiwa kwenda kulia. Kinakuja kidude kimekunja uso. Ukikigusa unakufa, na unarudishwa palepale, hujapoteza kitu zaidi ya sekunde tano. Safari ya pili unaruka. Ukiruka unagonga sanduku lenye alama ya kuuliza, inatoka sarafu. Unagonga la pili, unatoka uyoga. Uyoga unateleza kwenda kulia, unaanguka, unagonga bomba, unageuka na kukufuata. Umeshaogopa vitu vinavyokuja upande wako, kwa hiyo unajaribu kuukimbia, lakini matofali ya juu yanakubana na uyoga unakukuta. Unakuwa mkubwa. Basi umejifunza kwamba uyoga ni mzuri, na hakuna mtu aliyesema neno. Miyamoto mwenyewe ameshaeleza kwamba hatua hiyo ya kwanza ilipangwa hivyo kwa makusudi.

Jingine ni kwamba gemu ile ilikuwa na nafasi ya watu wawili. Hamchezi pamoja, mnapokezana: Mario akifa, zamu ya Luigi, Luigi akifa, zamu ya Mario. Nyumba yenye watoto wawili na mashine moja haihitaji sheria nyingine zaidi ya hiyo. Kaka alikuwa Mario, mimi Luigi. Padi ya pili haikuwa na kitufe cha kuanzisha wala cha kusimamisha, kwa hiyo sikuweza kuanza gemu wala kuisimamisha mpaka yeye atake. Luigi naye hakuwa na lolote la kwake. Alikuwa Mario aliyebadilishwa rangi, mwenye kasi ileile na mruko uleule, na kwenye TV isiyo na rangi hata tofauti hiyo ilikuwa ya kutafuta. Sikujali. Nilikuwa kaka yangu wa pili, na hiyo ilinitosha.

Sasa twende kwenye Mario ya pili ya kweli, ya kwanza kati ya mbili.

Ilitoka Japani tarehe 3 Juni 1986, haijafika hata miezi tisa baada ya ile ya mwanzo. Haikuja kwa kaseti, ilikuja kwa diski, kwa ajili ya kifaa kipya cha Nintendo kilichokuwa kimeingia sokoni mwezi Februari mwaka huohuo. Aliyeiongoza ni Tezuka. Kwenye boksi lake waliandika kwamba ni kwa ajili ya wachezaji wa hali ya juu, na hawakutania. Ukiitazama haraka utadhani ni ileile: Mario yuleyule, matofali yaleyale, kobe walewale, ila mawingu yamewekewa sura na yanatabasamu. Unaanza, unakimbia kulia, unagonga sanduku, unatoka uyoga. Unaufuata, kama ulivyofundishwa. Unakufa.

Ni uyoga wa sumu. Umewekwa mapema kabisa, katika hatua ya kwanza, na umbo lake ni sawa na la ule mzuri. Tofauti ni rangi.

Mambo hayaishii hapo. Katika Mario ya kwanza kila mtoto alijua kwamba ukisimama ubavuni mwa bomba, lile ua lenye meno halitoki. Unaweza kupumzika hapo mpaka uwe tayari. Katika ya pili, mbele kidogo, kuna maua mekundu yanayotoka hata ukiwa umesimama ubavuni. Katika ya kwanza, mabomba ya siri yalikurusha mbele, kutoka dunia ya kwanza mpaka ya nne. Katika ya pili lipo bomba la siri kwenye dunia ya tatu ambalo ukilihangaikia na kulipata linakurudisha dunia ya kwanza. Yapo matofali yasiyoonekana yaliyowekwa palepale kichwa chako kitakapopita, upate kugonga na kutumbukia shimoni. Upo upepo unaokusukuma ukiwa hewani. Ipo dunia ya tisa, ambayo anaiona tu yule aliyemaliza gemu bila kutumia njia ya mkato hata moja. Na zipo dunia nyingine nne, A mpaka D, kwa atakayeimaliza gemu yote mara nane. Mara nane, jamani.

Halafu kuna mambo mawili kuhusu Luigi. La kwanza, amekuwa mtu wake mwenyewe. Anaruka juu kuliko Mario, lakini akitaka kusimama anateleza kama aliyekanyaga sabuni. La pili, zamu zimefutwa. Mwanzoni unaulizwa unataka gemu ya Mario au gemu ya Luigi, unachagua mmoja, na unacheza peke yako.

Watu wa Nintendo Marekani waliikataa. Mfanyakazi wao mmoja, Howard Phillips, ambaye kazi yake ilikuwa pamoja na kuzipima gemu, aliijaribu na hakuipenda. Aliona inamwadhibu mchezaji. Wakaamua wateja wao wapewe kitu kingine. Mwaka 1987 Nintendo walikuwa wametoa gemu nyingine Japani, Doki Doki Panic, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na kituo cha televisheni cha Fuji kwa ajili ya tamasha lake. Ndani yake kuna familia: kijana wa kilemba anayeitwa Imajin, binti, mama na baba, wanaokwenda kuokoa watoto. Walivuliwa nguo zao, wakavishwa nguo za Mario na wenzake. Imajin akawa Mario, mama akawa Luigi, binti akawa malkia mdogo, baba akawa yule mwenye kichwa cha uyoga, Toad. Oktoba 1988 ikauzwa Marekani kwa jina la Super Mario Bros. 2. Ukimrukia adui kichwani hafi, unasimama juu yake kama umepanda basi, kisha unamnyanyua na kumrusha. Unang'oa figili ardhini na kuzitumia kama mawe. Hakuna saa inayokukimbiza. Na mwishoni unaonyeshwa Mario amelala kitandani, kumbe yote yalikuwa ndoto.

Ile ya Kijapani ya uyoga wa sumu Wamarekani waliipata mwaka 1993, ikiwa imepewa jina la The Lost Levels, yaani hatua zilizopotea. Wajapani nao waliipokea ya Kimarekani mwaka 1992 kwa jina la Super Mario USA. Kila upande uliishia kumlea mtoto wa mwenzake.

Hizo ndizo zilizokuwa gemu tatu za makala yangu, na hukumu niliyokuwa nimeiandaa ni hii: Mario ya kwanza ni mwalimu, Mario ya pili ni msimamizi wa mtihani. Ya kwanza inakuchukua hujui kitu na kukufikisha mahali. Ya pili haifundishi, inasubiri ukosee ili ikukate maksi. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliiandika kwenye simu nikiwa ndani ya basi, tumeshapita Segera, naelekea nyumbani kwa Idi. Mashine ya kuchezea, Switch, nilikuwa nimeiazima kwa mwenzangu wa kazini. Imo ndani yake maktaba ya gemu za zamani, na zote tatu zimo.

Hapa inabidi niseme kilichotokea kati yangu na kaka, maana bila hicho sentensi yangu ingebaki ilivyo.

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Ngamiani. Kaka, ambaye hakuendelea na shule baada ya kidato cha nne na amekuwa dereva wa malori tangu hapo, alitaka chumba cha mbele kifunguliwe kiwe duka, mama alisimamie na apate chake cha kila siku. Aliandika mpango wake kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, kwa ujumbe mrefu wa maneno uliotanguliwa na salamu kwa kila mtu. Mimi nilikuwa Dar, kazini, nimechelewa kuwasilisha habari. Nilimjibu palepale, mbele ya shangazi, wajomba na watoto wao. Nilimjibu kwa namba: moja, hesabu ya kodi umekosea, mbili, leseni hujaiweka, tatu, gharama za umeme umezirudia mara mbili, nne, jumla yako haifiki hapo ulipoandika. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilikwenda mpaka saba. Aliandika "Sawa, msomi", akatoka kwenye kundi.

Nilisubiri apoe. Yeye nadhani alisubiri niombe radhi. Mama alikuwa akituma salamu za kila mmoja kwa mwenzake, salamu ambazo nina hakika alizitunga mwenyewe.

Kwa hiyo Idi ile, baada ya swala na pilau, watu wakiwa wametawanyika kila mmoja kwa kona yake, mimi na yeye tulikuwa sebuleni tukiitazama TV isiyowashwa. Aliyetuokoa ni mwanawe wa miaka tisa, aliyekuta Switch kwenye begi langu na kuuliza kama ni ya mpira. Nikamwambia kuna gemu ambayo baba yake alikuwa bingwa nayo. Nikaiunganisha kwenye TV ya mama, yenye rangi sasa, nikaweka Mario ya kwanza.

Mtoto alikufa kwa kile kidude cha kwanza. Safari ya pili aliruka. Akaukimbia uyoga, ukamkuta, akawa mkubwa, akapiga kelele. Miaka karibu arobaini imepita tangu skrini ile ipangwe na bado inafanya kazi yake bila msaada wa mtu. Kaka hakusema kitu, lakini alisogea kutoka kwenye kochi akaja kukaa kwenye mkeka.

Tukacheza wawili wawili, kwa zamu, mtoto akiwa Luigi. Kaka alikuwa bado anakumbuka matofali yote. Kwenye hatua ya pili alipanda juu ya dari bila hata kuangalia, akatembea huko juu mpaka kwenye mabomba, akamwambia mwanawe: "Hapa baba yako mdogo alikuwa anaogopa, anasema tutaanguka nje ya TV." Ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kunihusu kwa mwaka na nusu, ingawa hakuniambia mimi.

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikasema, "Kaka, unakumbuka ulisema Mario ya pili ipo? Ninayo."

Akanitazama. "Ya kweli au ya kaseti ya njano?"

Nilipoiweka nilianza kuieleza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikasema ya mwaka 1986, nikasema diski, nikasema Wamarekani waliikataa kwa ugumu. Aliitikia "mh" bila kugeuza kichwa. Alichagua Mario. Akakimbia, akagonga sanduku, ukatoka uyoga. Nilikuwa najua ni upi, nikanyamaza. Akaufuata. Akafa.

Kimya kidogo. Halafu kaka akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani cha kuinamia mbele mpaka paji la uso liguse goti, na mama akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Huyu aliyetengeneza anatujua," akasema. "Anatujua kabisa. Alijua nitaukimbilia." Kisha akatulia, akautazama uyoga vizuri. "Na kwa ile TV yetu, dogo, tungekufa mpaka leo."

Nilimwambia, pengine kwa kujitetea, kwamba mimi naona gemu hii ni ya ukatili: inakufundisha kitu mwaka mmoja, mwaka unaofuata inakuadhibu kwa kukifuata. Akasema hapana. Akasema huu ni utani. Mtu usiyemjua hawezi kukufanyia hivi, maana hajui unategemea nini. Madereva wenzake wa siku nyingi, alisema, ndio wanaoficha funguo yako na kukuacha uzunguke lori nusu saa. Mgeni akifanya hivyo ni mwizi.

Baada ya hapo niliitazama gemu ile kwa jicho lake na nikaona kila kitu kimebadilika maana. Lile ua jekundu linalotoka ukiwa ubavuni mwa bomba: ni mzaha ambao hauchekeshi kama hukuwahi kusimama ubavuni mwa bomba na kupumua. Bomba la kurudisha nyuma linamlenga yule tu aliyekuwa akitembea juu ya dari. Tofali lisiloonekana limewekwa na mtu anayejua vidole vyako vitabonyeza wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyevizoeza. Tezuka na wenzake walikuwa wanaongea na watu waliokuwa wameicheza ile ya kwanza mpaka ikaisha utamu, na walikuwa wanaongea nao kama ndugu. Phillips naye hakukosea. Alikuwa anawafikiria wateja wa nchi nzima, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wanakutana na Mario. Utani ukiupeleka kwa asiyekujua ni matusi.

Ndiyo maana nadhani Mario ya pili ya Kimarekani ilifanya kazi yake vizuri. Haikudai undugu wowote. Ilikuja mgeni, imevaa nguo za kuazimwa, ikabisha hodi. Na kwa sababu ilijua imekuja ugenini ikaja na zawadi: wale maadui wenye vinyago wanaoitwa Shy Guy, yale mabomu yenye miguu, Birdo, malkia mdogo anayeelea hewani, Luigi mrefu anayepiga mateke akiruka. Vyote hivyo vimebaki kwenye gemu za Mario mpaka leo. Mtoto wa kambo amekuwa wa damu. Mwana wa kaka ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ya figili.

Bado naona ya kwanza ni bora. Niliseme hilo bila kuzunguka. Gemu inayoweza kumpokea mtoto wa Kyoto na mtoto wa Ngamiani kwa skrini ileile, bila neno, ni kazi kubwa kuliko gemu inayowachekesha wajuzi. Na nina kinyongo na ya pili kwa jambo moja ambalo hata kaka hakulitetea: kufuta zamu. Utani unataka watu wawili. Walitengeneza gemu ya kutaniana, wakakupa kiti kimoja. Ile ya Kimarekani nayo, pamoja na wahusika wake wanne, ni ya mchezaji mmoja. Ilibidi isubiriwe Mario ya tatu ndipo zamu zirudi.

Lakini ile sentensi ya mwalimu na msimamizi wa mtihani nimeifuta. Niliitunga mimi, mtu aliyemsahihisha kaka yake kwa namba mbele ya ukoo, na nikaipachika kwenye gemu. Tofauti kati ya aliyeweka uyoga wa sumu na mimi ni kwamba yeye alitaka ucheke na ujaribu tena. Mimi nilitaka nionekane nimepata vyote.

Switch ina kitu ambacho mashine yetu haikuwa nacho: ukikosea unabonyeza vitufe viwili na gemu inarudi nyuma sekunde kadhaa, unarekebisha. Nilimwonyesha kaka alipokuwa ameanguka shimoni mara ya tano. Akakataa. "Huko ni kuibia." Sikubishana.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Gemu haina zamu, tukajiwekea wenyewe: ukifa, unapitisha padi. Nilipopata zamu yangu nilirudi mwanzo nikachagua Luigi. Ile kuruka juu ilinipendeza, nikaruka mashimo mawili ambayo kaka alikuwa ameshindwa, na nilipotua nikateleza, nikaenda moja kwa moja kwa kobe. Kaka alimgeukia mwanawe. "Unamwona baba yako mdogo? Anaruka juu, kusimama hawezi." Mtoto alicheka sana. Mimi nilichelewa kidogo, kisha nikacheka.

Tulifika dunia ya tatu, tukapata lile bomba la siri, tukarudishwa ya kwanza. Nilijua litaturudisha. Nilinyamaza tena.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda stendi, nilimwomba radhi. Sikuwa na maneno mengi na yeye hakuyataka. Alisema tu kwamba zile namba saba alizihifadhi, na kwamba ya tatu nilikosea mimi: umeme hakuurudia, ni mita mbili. Nilikwenda nikaangalia ukutani. Ni mita mbili. Suala la duka bado hatujalimaliza. Mama anasema anataka kuuza vitenge, kaka anataka vinywaji, na mimi nimeambiwa nisubiri zamu yangu.